Binti kazaliwa na mvua, nataka aitwe Kabula. Mama mkwe kagoma

Mkokoteni (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Wiki 2 zilizopita mke wangu kajifungua mtoto wa kike, salama kabisa, kilo 3 na ushee. Usiku ule ndio mvua ya kwanza ya msimu iliposhuka Mwanza, na ilishuka kama inadai deni. Tulitoka Buhongwa na bajaji saa 5 usiku. Kufika Mkuyuni barabara imegeuka mto. Dereva kashuka, kakunja suruali, kaingia kupima maji kwa mguu, karudi: "Bosi, yamenifika ugokoni. Twende au turudi?" Nyuma mke anauma kanga. Tukaenda. Saa 10 kasoro alfajiri mtoto analia, na bati la wodi linapigwa na mvua mpaka nesi akalazimika kupaza sauti kuniambia ni wa kike.

Mimi ni Msukuma wa Kwimba. Mtoto akizaliwa namna hiyo, kwetu hakuna kikao cha jina. Wa kiume ni Mabula, wa kike ni Kabula, mnaendelea na uji.

Kasheshe ni kwamba mke wangu ni Mhaya wa Muleba, na mama yake yuko hapa nyumbani kumuuguza mzazi. Nilipolitaja jina, mama aliweka kikombe cha chai chini taratibu, akaniuliza, "Kabula? Kimepotea nini, baba?"

Kumbe kwa Kihaya kubula ni kupotea, kukosekana. Mama anasikia nataka mjukuu wake aitwe Kilichopotea. Na mtoto wa kwanza wa binti yake! Tangu siku hiyo anamwita "mtoto", basi. Mke kaamua kukaa katikati kwa kuleta la kwake, Brianna. Nikamuuliza Brianna maana yake nini, kasema linasikika vizuri.

Sasa nimekaa na hili jina wiki 2 nikilitafuna, nimwage nilichonacho.

Mbula ni mvua kwa Kisukuma. Ile ka- ya mbele ni ya udogo, ndiyo hiyohiyo inayotuponyoka huku Kanda ya Ziwa hata tukiongea Kiswahili: katoto, kanyumba, kadada. Kwa hiyo Kabula ni kamvua. Ukisema kwa Kiswahili cha Dar linachekesha, lakini kwa Msukuma hakuna kicheko hapo. Ni mvua unayoweza kuipakata.

Na si sisi peke yetu. Wajaluo wa Shirati na Rorya mvua wanaiita koth, binti wa mvua ni Akoth na kaka yake Okoth. Waluhya ni Nafula na Wafula. Wakikuyu, Nyambura. Pwani mnaye Mwamvua, na sijawahi kusikia mtu anamwambia Mwamvua abadili jina. Ukiwatoa Wajaluo, ambao lugha yao ni ya ukoo mwingine, neno ni moja tu limetembea: mbula, mbura, mvua, mpaka imvula ya Wazulu kule kusini. Kwa Washona mvura ni maji yenyewe. Kwa wasemaji wa Kilingala kule Kongo mbula ni mvua na ni mwaka pia, mtu mwenye miaka 20 ana mbula 20. Hiyo ya Kilingala nimeipenda sana, na mtaona kwa nini.

Bibi mzaa baba aliitwa Kabula. Kitambulisho chake kiliandikwa kazaliwa tarehe 1 Julai. Hakuna aliyejua tarehe, karani alikisia, akaandika, akamwita anayefuata. Haya, watu wa Ngudu niambieni, Julai kwetu kuna mvua? Julai vumbi linaingia mpaka kwenye mboga. Pamba iko kwenye magunia inasubiri mizani. Kadi inasema kiangazi, jina linasema mvua, na mimi nasimama na jina. Aliyempa jina alikuwepo. Karani hakuwepo.

Naomba mawazo yenu. Hasa wenye jina hili, mnaishi nalo vipi? Na Wahaya msaidieni ndugu yenu, nalishwa ndizi bila kuongeleshwa.

Sato Mkavu

Mkuu unalishwa ndizi halafu unalalamika. Mpe Brianna yaishe.

Kijiwe cha Igoma

Jina la bibi hilo. Mtoto atakuwa darasa la 3 wenzake Precious na Ivanna, yeye Kabula, kama aliyekuja kuuza maziwa. Tuwe wakweli, majina yana daraja. Ukipeleka maombi ya kazi na jina la kijijini kuna bosi anakuona umekanyaga tope kabla hajakuona.

Mkokoteni

Bosi huyo naye babu yake anaitwa nani?

Mvua ya Vuli

Mimi ndiye Kabula uliyemuita. Nimezaliwa Sengerema, niko Dar mwaka wa 11 sasa.

Nikuambie ukweli, utani upo. Shule walikuwa wanaimba "Kabula bulaa" mpaka darasa la 5, wakachoka. Ofisini, Agosti 2021 Taliban walipoingia Kabul, wiki nzima nilikuwa naitwa Mama Afghanistan. Hayo yanapita.

Lisilopita ni karatasi. Kadi ya kliniki mama alipewa imeandikwa Kabula. Cheti cha la 7, Kabura. Cha kidato cha 4, Kabula. Chuo, kuna mtu alinakili kutoka cha la 7, nikarudi kuwa Kabura. Nilipoanza kazi ofisi moja ikaniambia hawa ni watu wawili. Nikawa naenda na kurudi, mwanasheria, kiapo cha jina, picha ndogo, nakala, foleni. Yule kaka wa dirishani, Mungu amsamehe, akaniambia, "Dada, kwani nyie Wasukuma hamjui jina lenu ni R au L?" Nikamwambia Wasukuma hatuna R kabisa, R ni ya kwenu, mmeiweka wenyewe.

Kwa hiyo mpe. Ila siku ya kuandikisha usimtume mtu. Nenda mwenyewe, andika kwa herufi kubwa, simama hapo mpaka uone kilichoandikwa.

Halafu swali lako, naishi nalo vipi. Nikirudi Sengerema, nikiteremka kwenye kivuko cha Kamanga, kuna mama mmoja muuza karanga ananiita kwa mbali, "Kabulaaa, mwangaluka!" Dar hakuna anayeniita hivyo, huko mimi ni Kabby. Sijui nikueleze vipi. Pale kwenye ngazi za kivuko huwa nasikia kama mabegi yamepungua uzito.

Sato Mkavu

Dada yangu Kabby, uko single?

Mwalimu Mstaafu

Naomba kuchangia, nikikosea nisahihishwe.

Mleta uzi umesema vizuri, lakini umesahau kitu kimoja. Si kila Kabula kazaliwa na mvua. Wengi wamerithi. Bibi alizaliwa na mvua, mjukuu kazaliwa Agosti jua kali, anaitwa Kabula kwa sababu ya bibi. Na wapo walioitwa kwa kulia. Mtoto analia siku 3, hanyonyi, wazee wanakaa, wanataja majina ya waliotangulia mmoja baada ya mwingine, likitajwa lake ananyamaza. Ni masamva, mizimu ya mababu, wanasema, kuna bibi amedai jina lake. Mimi ni Mkristo, sitawaambia niliamini, ila nilishuhudia dada yangu akinyamaza. Kwa hiyo ushahidi wako wa kitambulisho cha bibi una tundu. Huenda naye alirithi, na huenda karani alibahatisha.

Majina yetu ya tukio ni mengi: Limi wa jua, Bujiku wa usiku, Nyanzala aliyekuja na njaa, Kulwa na Doto mapacha, Shija anayewafuata. Kulwa na Doto wamesambaa nchi nzima, hata wasio Wasukuma wanawaita mapacha wao hivyo, wa kike kwa wa kiume. Tumekuwa na Naibu Waziri Mkuu anayeitwa Doto. Kabula yeye hakusafiri namna hiyo.

Nimefundisha miaka 37. Darasa langu la kwanza, Magu, mwaka 1979, nikiita Kabula wanasimama 3. Nikawa nawaita kwa baba zao. Darasa la mwisho, hapa mjini, hakukuwa na hata mmoja. Nilikuwa na Happiness 2, Gladness, Loveness, Witness, na Neema 4. Wamisionari walifika Bukumbi mwaka 1883, na tangu hapo ukibatizwa unapewa jina la mtakatifu, la nyumbani linabaki jikoni. Lakini hilo halitoshi kueleza, kwa sababu Mabula naye alibatizwa na hakufa.

Hebu tazameni. Mwaka 2015 Mwanza mjini walichaguliwa wabunge 2: Nyamagana Stanslaus Mabula, Ilemela Angelina Mabula. Jina hilohilo la mvua, la kiume, lilifika bungeni, liko kwenye mabango ya maduka, liko kwenye daftari la kila shule. Kwa nini? Kwa sababu jina la baba linakaa mwisho. Ukimwita mwanao Brian, ni Brian Mabula. Mjukuu wako Jayden, ni Jayden Mabula. Mabula hana haja ya kupendwa ili aishi, amekaa kwenye kiti chake pale nyuma.

Kabula hana kiti. Hakuna anayeitwa Brianna Kabula kwa sababu ya bibi yake. Jina la mwanamke likiishi, ni kwa sababu kuna mtu ameamua kumpa mtoto upya, kizazi hadi kizazi. Kizazi kimoja kikisita, limekwenda.

Binti Ngudu

Mwalimu shikamoo. Nimesoma hiyo aya mara 2. Bibi zangu wote wawili sijui majina yao ya asili, nawajua kwa Bibi Magu na Bibi Kisesa. Naona aibu. Kesho nampigia mama.

Kijiwe cha Igoma

Mwalimu marahaba yangu irudishe, nakupa shikamoo mimi. Lakini bado nasema mtoto ndiye atakayebeba, si nyie wenye hoja nzuri.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba wote. Kijiwe, na Brianna naye ataubeba mzigo wa watu kumuuliza maana yake.

Nahodha Kirumba

Mama yangu ni Kabula, wa mwisho wa mwaka 1961. Si wa kurithi, ni wa mvua yenyewe. Wazee wa Ukerewe na huku mwambao ile mvua hawaisahau, Tanganyika inapata uhuru na ziwa linapanda. Lilipanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache, vijiji vikahama. Babu alikuwa anasema shamba lake la mihogo liko kule, anaonyesha majini. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa tena na kula mialo na vibanda vya wavuvi, mama alikaa kizingitini akasema, "Limenifuata." Alimaanisha maji.

Mimi nilipozaliwa hakukuwa na tukio lolote, nikaitwa Joseph.

Mzee wa Bujora

Vijana mnaongea mvua kama hali ya hewa ya kwenye simu. Zamani ntemi, chifu wetu, alikuwa anashikilia kiti kwa sababu ya mvua. Mvua ikigoma msimu na msimu, watu walimtazama yeye, na watemi waliondolewa kwa sababu hiyo. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963 lakini wakulima wa pamba na mtama bado wanatazama juu vilevile. Katika nchi kama hiyo, kumwita mtoto Kabula ni kumwita neema. Hao Neema 4 wa mwalimu ni kina Kabula waliobadilishiwa lugha.

Mkokoteni

Mzee hapo umenimaliza. Wabeja sana.

Mwalimu, ile hoja ya kiti nimemsomea mke jana usiku, mtoto ananyonya. Hakujibu. Baadaye taa imezimwa kaniuliza, "Bibi yangu mzaa mama aliitwa nani?" Nikamwambia nitajuaje mimi? Kasema, "Na mimi sijui." Kukawa kimya. Asubuhi nikamsikia jikoni anamuuliza mama yake, wanaongea Kihaya, sikuelewa ila walikaa muda mrefu sana kuliko kumenya ndizi kunavyohitaji.

Mbilimbi

Mimi Mhaya wa Kamachumu, nimtetee mama mkwe kidogo. Kwetu jina la binti linasema kitu. Kemilembe, ni wa amani. Unalisikia, unalielewa, hakuna haja ya kuuliza. Sasa mama huyo masikio yake ni ya Kihaya, miaka 60 kubula ni kupotea. Anapoteza hela sokoni anasema neno hilo. Anapoteza mbuzi anasema neno hilo. Halafu wewe unataka aliite kila asubuhi juu ya kichanga. Hana ubaya. Hata wewe ungeletewa mkwe wa Kimakonde na jina ambalo kwa Kisukuma ni tusi ungekaa upande wa pili wa chumba.

Ushauri: usimweleze maana tena. Ameshaielewa, si mjinga. Mwombe yeye jina la mvua la Kihaya. Mvua kwetu ni enjula.

Sato Mkavu

Huyu ndiye mwenye akili humu. Uzi ufungwe.

Mvua ya Vuli

Sato, wewe kaa kando. Mbilimbi umenena.

Kijiwe cha Igoma

Halafu mtoto awe na majina 4 kama orodha ya bia. Haya.

Mkokoteni

Wakuu, mrejesho. Samahani nilipotea (hapa mama mkwe angesema nilibula).

Nilifanya alivyoshauri Mbilimbi. Jumatano jioni nimetoka kazini, mama kampakata mtoto barazani, nje wingu limekaa juu ya ziwa, nyeusi, ile ya kutoka upande wa Sengerema. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia, mama, mimi sijui Kihaya, lakini huyu kaja na mvua na nyie hiyo mvua mnayo. Mngemwitaje?

Hakujibu haraka. Akarekebisha shuka la mtoto, akamtazama pua, akamwangalia masikio kama anakagua samaki mwaloni. Halafu akaniuliza mimi swali. Siku ile mlipopita kwenye maji, bajaji ilizima?

Nikasema haikuzima.

"Wewe ulishuka kusukuma?"

Nikasema hapana, dereva ndiye alishuka kupima, mimi nilimshika mkono binti yako.

Akatikisa kichwa. Nadhani nilipata alama au nilipoteza, sijui mpaka leo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, anamwambia mtoto si mimi, "Kenjula." Akarudia. "Kenjula." Nikamuuliza lipo jina hilo kwenu au umelitunga sasa hivi? Kasema, "Majina yote kuna mtu aliyatunga."

Ijumaa nimeenda kuandikisha. Sikumtuma mtu. Dirishani kuna dada mdogo tu, kaniuliza jina la mtoto, nikasema Kabula, akaandika, nikamwomba anigeuzie nione. K-A-B-U-L-A. L imesimama wima. Kaniuliza la pili, nikamtajia. Kasimamisha kalamu, "Hilo la pili ndiyo kabila gani?" Nikamwambia ni lilelile la kwanza. Akanitazama kama ninamchezea, nyuma yangu foleni inaguna, akaandika.

Mke Brianna wake kampa paka.